Nguzo Iliyosogea

Restituta Ngonyani alikuwa na kazi ambayo ukimwambia mtu mara ya kwanza anadhani unamchezea. Kila asubuhi aliangalia kama nguzo za mbingu bado zimesimama pale zilipokuwa jana. Basi. Anakuja, anavua koti, anakaa, anaangalia. Na siku zote zilikuwa zimesimama, hata mama yake kule Peramiho alikuwa akimuuliza kama kweli analipwa kwa kuangalia vitu ambavyo haviendi popote.

Asubuhi hiyo, nguzo moja ilikuwa imesogea.

Hakupiga kelele. Aliweka chini kikombe cha uji, akafuta kioo cha meza yake kwa mkono wa sweta, maana asubuhi za Matogoro zina ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Akaangalia tena. Ukungu ulikuwa umetoka, nguzo ilikuwa bado imesogea. Alikuwa kama mtu aliyefika stendi akakumbuka ameacha jiko linawaka.

Sasa nguzo zenyewe si za mti wala za chuma. Ni galaksi, tena zile zenye fujo. Katikati ya galaksi ya namna hiyo kuna shimo jeusi, na shimo hilo linakula. Linakula vumbi, linakula gesi, nyota ikijisogeza nayo inaliwa. Sasa chakula kikiwa kingi na mdomo ni mmoja, kinasongamana mlangoni, kinasuguana, kinapata moto, kinawaka kuliko nyota zote za galaksi ile ukizikusanya pamoja. Waliosoma wanaita kwasari. Iko mbali, mbali ambako hata kusema mbali ni kuipunguzia. Na kwa vile iko mbali hivyo, haisogei. Ukipanda basi, miti ya kando ya barabara inakimbia kurudi nyuma, lakini mlima wa kule mwisho unakaa tu unakutazama. Kwasari ndiyo mlima wa mwisho kabisa. Kwa hiyo watu walipoanza kwenda Mirihi na kurudi kama wanaokwenda Makambako, vyombo vyao vikawa vinajipimia njia kwa kwasari chache zilizochaguliwa, na hizo ndizo zikaitwa nguzo.

Tatizo ni vumbi. Galaksi hizi nyingine zimejifunika, na darubini ya kawaida inaona nguo tu, mwenyewe haimwoni. Lakini wewe ukiingia jiko la kuni limejaa moshi, macho yanalia huoni hata sufuria, ila uso wako unajua moto uko upande gani. Kituo cha Matogoro kilikuwa na darubini inayoona hivyo, kwa joto. Waliiita Jicho. Ilikuwa huko juu, mbali kuupita mwezi, jua imelipa mgongo, imepozwa kwa gesi maalumu mpaka baridi yake ukiifananisha na ya Makete unaidhalilisha. Na ilibidi iwe hivyo. Kitu cha kupima joto la mbali kikiwa na joto lake chenyewe kinaanza kuona uongo.

Ile nguzo iliyosogea walikuwa wanaiita Mama Mkwe, kwa jinsi ilivyojitanda vumbi. Miaka yote walijua ndani ya vumbi kuna mdomo mmoja unaokula. Asubuhi hiyo Jicho lilionyesha kama mdomo wa pili, pembeni ya ule wa kwanza, uliokuwa umelala tangu enzi na enzi, na sasa umeamka na njaa. Ukiwa na mioto miwili badala ya mmoja, mtu wa mbali anaona katikati yake. Kwa hiyo nguzo haikutembea, lakini anayeitumia anaiona imetembea. Kidogo sana. Unywele, tena unywele wa mtu aliyesimama ng'ambo ya bonde.

Restituta akajiuliza nani anaitegemea Mama Mkwe leo. Na jibu alikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza.

*

Chombo kilichoitwa Kihansi kilikuwa kinarudi nyumbani kutoka Mirihi, kimebeba watu arobaini na mmoja waliokuwa kwenye machimbo ya barafu. Mchana huo kilitakiwa kujinyoosha, yaani kujiweka sawa na njia, kuwasha injini, na kuingia kwenye hewa ya dunia. Sasa mlango wa kuingilia hewa ni mwembamba. Ukiingia chini mno, unaungua. Ukiingia juu mno, unadunda kama kijiwe bapa mtoto anapokirusha juu ya maji ya bwawa, unakwenda zako gizani, na mafuta ya kugeuza huna. Kihansi ilikuwa inajinyoosha kwa nguzo nne, na iliyo kubwa katika hizo ilikuwa Mama Mkwe. Unywele wa kule ukiuvuta mpaka huku unakuwa kitu cha kukutoa mlangoni.

Aliyeshika usukani alikuwa Lusungu Kalinga, Mhehe wa Kalenga, mtu mzima, sauti kama ngoma iliyolowa. Yeye na Restituta walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso hata siku moja. Lakini Restituta ni Mngoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu walipopigana wakachoka. Kwa hiyo miaka yote walikuwa wanatukanana kwa raha zao kwenye laini ya kituo. Restituta akimwambia Kalinga kwamba pombe ya ulanzi imempanda ndiyo maana anaona nguzo nane badala ya nne, Kalinga akimjibu kwamba Mngoni hata akipewa mbingu nzima atatafuta zizi la ng'ombe la kuvunja. Wakubwa walijua, wakaacha. Mtu anakaa miezi kwenye kopo la chuma, usipomtania atatanua macho tu kama mbuzi wa soko.

Bwana Haule, mkuu wa zamu, alipoingia alimkuta Restituta amesimama, mikono ameifumbata kwapani. Akaelezwa. Ni mtu mpole Haule, mwembamba, anayesikiliza ameinamisha kichwa, na alipokuwa anasikiliza rangi ya midomo yake ilikuwa inapotea. Binti yake Gaudensia, fundi wa kuchomelea mabomba, alikuwa ndani ya Kihansi. Wiki nzima mama yake alikuwa ananunua kuku.

Haule akauliza swali ambalo lilikuwa lazima liulizwe. Jicho lilikuwa zima?

Hapo Restituta akakaa. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Jicho halikuwa zima sawasawa. Usiku uliotangulia lilikuwa limegeuzwa kuangalia upande mwingine, likapigwa na jua ubavuni kidogo, na lilipoiangalia Mama Mkwe lilikuwa bado halijapoa vizuri. Lilikuwa kama mama mwenye homa anayemshika mtoto paji la uso. Anasema mtoto ana joto, na huenda kweli ana joto, lakini huenda mkono ndio wenye homa. Huo mdomo wa pili ungeweza kuwa mdomo kweli. Ungeweza kuwa homa ya Jicho.

Sheria ya nguzo ilikuwa fupi. Nguzo haiondolewi mpaka Jicho liitazame mara mbili, katikati limepumzika na kupoa. Mtazamo wa pili ungekuwa tayari jioni. Kihansi ingekuwa imeshawasha injini mchana.

"Na Kalinga akiifuta Mama Mkwe, halafu ikawa ni nzima?" Haule aliuliza.

"Atabaki na tatu. Moja katika hizo ni dhaifu, unaijua. Anaweza kuukosa mlango vilevile."

Nje mtu wa bustani alikuwa anafyeka majani, panga linalia shwa, shwa, na Restituta alitamani kutoka kwenda kumwambia aache.

*

Wakakubaliana kwamba neno la kwanza limfikie Kalinga, kwa laini ya kawaida, kwa ukweli wote. Haule akasema azungumze Restituta kwa sababu yeye ndiye aliyeona, na yeye ndiye Kalinga anayemjua.

Kihansi ilikuwa bado mbali. Neno likienda, mpaka jibu lirudi, ungeweza kumenya chungwa ukala nusu. Restituta akasema taratibu, kwa sauti ya kazi, kwamba nguzo ya Mama Mkwe inaonekana imesogea, kwamba hawana uhakika, kwamba afikirie kujinyoosha bila hiyo. Akangoja.

Jibu lilianza na kicheko. Kirefu, cha tumboni.

"Mngoni wewe, mwaka juzi nililala fofofo ukaniambia nguzo imeanguka, kwa sauti hiyohiyo ya kanisani, nikaamsha chombo kizima watu wakavaa mavazi ya hatari. Leo siku ya kufika nyumbani unanirudishia sahani ileile? Waambie wazee wako tumewasamehe ng'ombe, tunakuja kunywa."

Na ilikuwa kweli. Restituta alifunga macho. Mwaka juzi alikuwa amemwambia maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo, na kituo kizima kilicheka wiki mbili. Haule mwenyewe alikuwa amecheka mpaka akakohoa.

Akajaribu tena. Akasema si mzaha. Lakini mtani ndiye mtu anayesema si mzaha kuliko watu wote, ndiyo sehemu ya mchezo wenyewe. Akamweleza habari za mdomo wa pili na joto. Kalinga akajibu kwamba safari hii ameipika vizuri, mpaka chumvi ameweka. Haule akachukua laini akasema ni yeye Haule anaongea, ni kweli. Lakini Haule naye ni Mngoni. Kalinga akamwambia shikamoo mkuu, wamekuchukua na wewe.

Saa ilikuwa inakwenda.

*

Haule akafunga mlango. Akasogea kwenye meza ya muhuri.

Muhuri wa kituo si wa wino. Ni neno linalotoka kituoni moja kwa moja mpaka kwenye kila chombo kilicho angani, na chombo kikilipokea kinatii, nguzo inafutika humohumo kwenye hesabu bila nahodha kuulizwa. Ndiyo maana haliwezi kutumwa na mtu mmoja. Kinatakiwa kiganja cha mkuu wa zamu na kiganja cha mtunza nguzo, vyote viwili kwenye kioo, na chini yake maneno kwamba Jicho limetazama mara mbili na mara zote mbili limeona sawa.

Haule akaweka kiganja chake.

"Weka na chako, mama."

Restituta hakuweka. Akamwambia Jicho limetazama mara moja.

"Najua limetazama mara ngapi. Wewe unaamini nini? Moyoni. Imesogea au haijasogea?"

"Naamini imesogea."

"Basi unangoja nini?"

Ilibidi ajibu, na kulijibu hilo kwa baba wa Gaudensia ilikuwa kama kumvua mtu nguo barabarani. Alimwambia kwamba kuamini ni kwake yeye Restituta, lakini muhuri unasema kujua. Kalinga akipata muhuri hatajua kwamba kuna shaka, hataiangalia ile nguzo dhaifu kwa makini, hatajiuliza lolote, ataketi amestarehe. Na ikiwa ni homa ya Jicho, watu arobaini na mmoja watakufa wamestarehe, kwa uongo wenye kiganja chake. Tena muhuri haufiki kwa Kihansi peke yake. Kuna chombo kiitwacho Kagera upande wa pili wa jua, nguzo zake nyingi zimefichwa na jua lenyewe, na Mama Mkwe ndiyo karibu pekee kilichobaki nayo. Chenyewe hakina haraka, kinaweza kungoja jioni. Ukikinyang'anya nguzo nzima leo, unakitupa porini.

Haule akasema Kagera hakuna mtoto wa mtu anayemjua. Halafu akajisikia alivyosema. Akafunika uso kwa ule mkono wa pili, wa kwanza bado uko kwenye kioo.

"Nilimbeba mgongoni kutoka Mbinga, ana surua," alisema ndani ya kiganja. "Weka mkono, Restituta. Dhambi niandikie mimi."

Alikaribia kuuweka. Wala usidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Mkono uliinuka ukafika karibu na kioo mpaka akahisi uvuguvugu wake, na wakati ule alijua kabisa namna mambo yatakavyokuwa rahisi, neno litakwenda, nguzo itafutika, na yeye hatalazimika kumsihi mtu yeyote amwamini. Akaurudisha. Akamwambia Haule ampe nafasi ya kusema na Kalinga mara moja tu, na kwamba baada ya hapo, kama bado anacheka, watazungumza tena habari ya mkono.

Haule hakuondoka pale.

*

Restituta akakaa mbele ya laini. Alikuwa anatafuta neno ambalo mtani hawezi kulifanyia mzaha, na hakuna neno la namna hiyo, kwa sababu watani wanatania mpaka msibani. Msibani ndiko hasa. Mhehe akifa, Wangoni wake wanakuja kuharibu kilio, wanavaa koti la marehemu, wanaigiza alivyokuwa anatembea, wanalizuia jeneza mlangoni mpaka wapewe chochote, wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Mtu asiyekuwa na watani wa kumharibia msiba, huyo amekufa vibaya.

Akabonyeza.

"Kalinga. Nisikilize mpaka mwisho halafu useme unachotaka. Ukiingia leo na Mama Mkwe ukaungua, mimi sitakuja msibani kwako kama mtani. Sitavaa koti lako, sitazuia jeneza. Nitakuja nikae chini kwenye mkeka na mke wako na ndugu zako, nilie kama wao, na nitawaambia Wangoni wote wakae chini. Nakuondolea utani, Kalinga. Kuanzia neno hili mimi si mtani wako. Sasa nakuambia kama mtu tu. Nguzo naamini imesogea."

Neno likaenda. Panga nje lilikuwa limenyamaza, mtu wa bustani pengine amekwenda kunywa maji.

Jibu lilichelewa kuliko kawaida. Kisha ile sauti ya ngoma ikaja, haina kicheko ndani yake, na Restituta aligundua kwamba miaka yote hakuwahi kuisikia hivyo.

"Una hakika kiasi gani?"

Haule alimtazama. Kwa macho alikuwa anamwomba aseme nina hakika. Neno moja. Halikuhitaji hata kiganja.

"Sina hakika," Restituta alisema. "Jicho lilikuwa na joto. Inawezekana ni joto lake. Kama ningekuwa humo ndani ningeifuta, na ningeogopa mpaka mwisho. Ile ya tatu ni dhaifu, unaijua, ukiifuta Mama Mkwe ipime hiyo mara mbili kabla ya kuwasha. Zaidi ya hapo sijui."

"Kwa hiyo unanitupia mimi."

"Ndiyo. Ninyi ndio mlio ndani."

"Nimesikia, Bi Ngonyani." Laini ikafungwa.

Hakusema ameifuta. Hakusema hakuifuta.

*

Ukingoja kitu cha namna ile hujui ukae vipi. Haule alitoa kiganja kwenye kioo, kimeacha alama ya jasho, akaenda dirishani, akarudi, akaketi kwenye kiti ambacho si chake. Restituta aliufikiria uamuzi wake kila upande na kila upande ulikuwa na watu waliokufa. Alijiambia angeweka mkono. Alijiambia afadhali hakuweka. Kuna wakati alimchukia Kalinga kwa kutosema, halafu akaona kwamba na yeye angefanya vilevile. Mtu akishabebeshwa mzigo hana haja ya kukuonyesha ameubeba bega gani.

Kihansi iliwasha injini. Hilo waliliona. Halafu ikaingia kwenye hewa, na chombo kikiwa kwenye moto ule hakisikiki, ni kama mtu aliyepiga mbizi. Unangoja kichwa kitokee.

Haule alikuwa anasali kwa Kingoni, taratibu, jina la binti yake likijirudia.

Kichwa kilichelewa kutokea. Muda wa kawaida ukapita. Restituta alimwona Haule anaangalia saa ya ukutani, na yeye akakataa kuiangalia, akaangalia viatu vyake, kimoja kilikuwa kimefunguka kamba.

"Matogoro, hapa Kihansi." Sauti ilikuwa na mikwaruzo. "Tumepita kwa nguzo tatu. Tuliingia juu kidogo, tumetikisika, mtu mmoja amevunjika mkono. Wengine wote wazima."

Haule alikaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtoto, akaegemea mguu wa meza, akawa analia bila kujificha. Restituta alimshika bega. Halafu akarudi kwenye laini, na furaha ilikuwa imempanda kichwani kama pombe, akasema kile kilichomjia mdomoni chenyewe.

"Mhehe wewe, nilidhani umeshalala kwa babu zako, nikaanza kugawa mashamba."

Sasa Kihansi ilikuwa karibu, jibu halikuhitaji hata kumenya chungwa. Lilikuja palepale.

"Asante sana, Bi Ngonyani. Tunashukuru kwa kazi yako."

Kwa adabu. Kwa heshima yote, kama anavyozungumza mtu na mke wa balozi.

Jioni Jicho lilikuwa limepoa vizuri, likaitazama Mama Mkwe mara ya pili. Ndani ya vumbi kulikuwa na midomo miwili, imekaa pamoja, inakula. Haikuwa homa. Haule akaosha uso, akaja, wakaweka viganja vyao kwenye kioo, cha kwake na cha Restituta, na neno likatoka kwenda kila kona ambako kulikuwa na mtu: nguzo ya Mama Mkwe imeondolewa.

Vyombo vikaanza kujibu kimoja kimoja. Kagera ikauliza maswali mengi. Vingine vikalalamika, maana hesabu ilibidi ianze upya. Kihansi, iliyokuwa imeshatua na haikuhitaji tena nguzo yoyote, ilijibu ya mwisho, maana sheria inataka kila chombo kijibu.

"Imepokelewa."

Restituta alikaa mbele ya laini na koti lake mikononi. Huko nyuma, Kalinga alikuwa hatumi neno la kazi bila kuliwekea tusi mwishoni. Alingoja kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye mlango uliofungwa taratibu. Haule akamwita kutoka nje, gari lilikuwa linawashwa, wanakwenda kumpokea Gaudensia, kuna kuku. Akasema nakuja. Akangoja tena kidogo.